Punguza unene bila kujitesa: Cheza, tembea na usiuache ugali wako

Kila mwezi wa Januari mambo huwa ni yale yale. Viatu vya michezo hununuliwa, ada ya jimu hulipwa ya miezi mitatu kwa mpigo, na jikoni ugali hupigwa marufuku. Wiki ya kwanza mwenye azma huamka saa kumi na moja alfajiri kila siku. Wiki ya pili huamka siku mbili tu. Ifikapo Machi viatu vimelala chini ya kitanda, chapati zimerudi mezani, na mizani, kama imo nyumbani, haikanyagwi tena.

Wengi wakifika hapo hujilaumu kuwa ni wavivu. Aghalabu si uvivu. Mtu aliyechukia kukimbia tangu shule ya msingi, kisha akaamua kukimbia kila asubuhi, na aliyelelewa kwa githeri kisha akajilazimisha kula majani baridi mchana na jioni, amejipa adhabu. Hakuna binadamu anayejiadhibu kwa hiari yake mwaka mzima. Anayedumu ni yule aliyepata zoezi analolingoja kwa hamu, na sahani inayomshibisha.

Na jambo lenyewe si la urembo tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2008-2009 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 33. Utafiti kama huo wa 2022 uliwahesabu wenye umri wa miaka 20 hadi 49, kwa hivyo hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na hiyo ya awali, lakini uligundua kuwa asilimia 45 yao walikuwa wamezidi. Karibu nusu. Mafuta yanayojikusanya kiunoni na tumboni huongeza hatari ya ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na hata aina kadhaa za saratani, bila kusahau magoti yanayolia kila mtu akipanda ngazi.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu akonde kama msichana wa kwenye matangazo ya nguo. Mwaka 2002, madaktari nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliofanyiwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wamekaribia kuugua kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kubadilisha chakula, likapewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, mengi yakiwa ni kutembea tu. Walioingia kwenye kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58, wakilinganishwa na wale waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kundi lililopewa dawa ya metformini lilipungua kwa asilimia 31. Kwa lugha nyingine, kutembea na kula vyema kuliishinda dawa.

Sasa piga hesabu. Mama mwenye kilo 90 akipunguza asilimia 7, ameondoa kilo sita na kitu. Bado ni mnene. Nguo zake huenda zikamtosha zile zile. Lakini ndani ya mwili mambo yamebadilika, na huo ndio ushindi ambao jirani hawezi kuuona.

Jirani, kusema kweli, ni sehemu ya tatizo. Katika jamii zetu nyingi mwili mnene ulikuwa, na bado ni, dalili ya neema. Mume anayemlisha mkewe vizuri huonekana kwa mwili wa mkewe. Anayepungua huulizwa, "Umekonda hivyo, kwani kuna shida gani nyumbani?" Wale waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanakumbuka zaidi ya hayo, kwani wakati huo kukonda ghafla kulizusha minong'ono ya ukimwi hata kabla mtu hajamwona daktari. Na mama akionekana barabarani na suruali ya michezo, watoto humcheka na wanaume wa kwenye kituo cha bodaboda humpigia mbinja. Anayeanza safari hii yampasa ajue mapema kwamba maneno hayo yatakuja. Ni afadhali awe na mwenzake wa kucheka naye.

Ngoma ni dawa

Kuna kisa kinachosimuliwa cha kijana wa Cali, huko Colombia, aliyeitwa Alberto Pérez. Alikuwa akifundisha mazoezi ya aerobiki, na siku moja katika miaka ya 1990 akasahau kanda ya muziki wa kufanyia mazoezi. Alizokuwa nazo zilikuwa za salsa na merenge, muziki wa kustarehe. Akazicheza hizo hizo na wanafunzi wakamfuata. Darasa likapendwa mno, na kutoka hapo ikazaliwa Zumba, ambayo leo inafundishwa duniani kote, hata katika kumbi za Nairobi na Mombasa.

Lakini kwani sisi tulihitaji kufunzwa na Wakolombia kwamba ngoma hutoa jasho? Mwone mwanamke wa Pwani akicheza chakacha usiku wa harusi, kiuno kikizunguka saa nzima. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka, haimwachi mchezaji na pumzi. Ohangla nayo ni mabega, mugithi ni foleni ndefu ya watu wakizunguka ukumbi kama garimoshi. Nyimbo nne au tano mfululizo za namna hiyo sebuleni, pazia likiwa limefungwa ukipenda, ni kama dakika 20 za mazoezi, na hakuna aliyelipa ada.

Kipimo cha kujua kama unafanya kazi ya kutosha ni rahisi. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa wastani na unafaa. Ukiweza kuimba, ongeza kasi kidogo. Ukishindwa hata kutaja jina lako, punguza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Hizo 150 ni nusu saa siku tano. Zinaweza hata kugawanywa kumi kumi.

Michezo ya utotoni pia isidharauliwe. Wanawake wengi walioruka blada na kucheza kati uwanjani mwa shule wakidhani wanacheza tu, walikuwa wakifanya mazoezi ambayo leo watu hulipia. Nunua kamba. Jumapili alasiri, badala ya kuwafukuza watoto nje ucheze nao, na usiwaonee haya. Ila mwenye uzani mkubwa au magoti mabovu asianze na kuruka, kwa sababu kila anapotua chini magoti hubeba mzigo mkubwa kuliko uzani wake. Huyo aanze kwa kutembea, au kuogelea akipata bwawa au bahari.

Kutembea ndiko mfalme wa mazoezi kwa watu wa kawaida. Hakuhitaji chochote ila viatu visivyobana. Wakazi wa Nairobi wanao Msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usinyakuliwe mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa una vijia vya kutembelea, na mtu huingia kwa kulipa kiingilio. Wanayo Arboretamu pia. Wa Mombasa wanayo bustani ya Mama Ngina iliyokarabatiwa mwaka 2019, upepo wa bahari ukikupunga, ilmuradi usimalizie kila matembezi kwa mihogo ya kukaanga inayouzwa papo hapo. Kwa wengine ni uwanja wa shule au barabara ya kwenda sokoni. Teremka matatu vituo viwili kabla ya kwako. Usitembee peke yako gizani. Hakuna kilo inayostahili kuporwa au kudhuriwa. Wanawake wa chama kimoja wanaweza kukubaliana kwamba mazungumzo ya nusu saa yanayotangulia mkutano yafanywe njiani badala ya vitini.

Watu hutajiana hatua 10,000 kwa siku kana kwamba ni amri. Idadi hiyo ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wakati kampuni moja ilipotoa kifaa cha kuhesabia hatua na kukipa jina lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake wazee, wastani wa miaka 72, waliona kwamba waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kwa hivyo anayeanza na hatua 3,000 asikate tamaa kwa kuikosa elfu kumi.

Sahani yako mwenyewe

Hapa ndipo wengi hupotea. Mama mwenye kilo 80 akitembea kwa haraka saa nzima hutumia kama kalori 300 hivi. Akifika nyumbani, chapati moja kubwa iliyopikwa kwa mafuta pamoja na soda ndogo humrudishia zote na zaidi. Mazoezi hulinda moyo, huleta usingizi na furaha, na huzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Lakini kilo zenyewe huondoka zaidi kupitia jikoni.

Hilo halina maana ya kufunga. Wala halina maana ya kununua vyakula vya ng'ambo kwa bei ya kodi ya nyumba. Ugali si adui. Adui ni kilima cha ugali kilichozungukwa na kijiko kimoja cha sukuma. Geuza mambo: mboga zichukue nusu ya sahani, iwe ni sukuma wiki, managu, terere, kunde au kabeji, robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, omena, yai au nyama isiyo na mafuta, na robo iliyobaki ndipo ukae ugali, wali au chapati. Unga uliosagwa bila kukobolewa hushibisha muda mrefu kuliko ule mweupe laini. Githeri ni chakula bora kabisa, maana mahindi na maharagwe vimeshaungana chunguni. Nduma na viazi vitamu vya kuchemsha asubuhi humpita mbali mandazi.

Kisha itazame chupa ya mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, yawe ya mahindi, alizeti au zeituni. Mpishi anayemimina kwa kukisia hawezi kujua ameweka vijiko vitatu au vinane. Anayepima kwa kijiko anajua. Mtu akiondoa kijiko kimoja kwenye sehemu yake ya mchana na kimoja kwenye ya jioni, amepunguza kalori 240 kwa siku, na ladha haijaenda mbali, hasa kama kitunguu, nyanya, dania na kitunguu saumu havikuachwa sokoni.

Chai ni mtego mwingine ambao sisi Wakenya hatupendi kuambiwa. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko 12, karibu kalori 200, bila kuhesabu maziwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Soda ya mililita 300 peke yake ina kama vijiko vinane. Usiache sukari kwa siku moja ukachukia chai yako. Ondoa nusu kijiko wiki hii, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea.

Na kuna kalori ambazo hakuna anayezihesabu: makombo ya watoto. Kipande cha chapati kilichoachwa, wali vijiko vitatu, ncha ya mkate yenye siagi. Mama huona uchungu kutupa chakula, na ana haki, basi huvimalizia akiwa amesimama kwenye sinki. Mwisho wa siku amekula mlo wa nne. Wapakulie watoto kidogo, waongezwe wakitaka, na kinachobaki kiwekwe cha kesho.

Chakula cha jioni katika nyumba nyingi huliwa saa tatu usiku, na ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa sababu mchana mtu alishindia chai na keki. Anayefika mezani na njaa ya namna hiyo hana uwezo wa kujizuia. Tunda na kiganja cha njugu saa kumi na moja jioni humwokoa. Kisha ale polepole. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuuarifu ubongo kwamba limeshiba.

Azma inapofifia

Wiki mbili za kwanza mizani hufurahisha. Kilo mbili au tatu zaweza kwenda haraka, kwa kuwa sehemu kubwa huwa ni maji. Baadaye mwendo wa kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kuna wiki ambazo hakuna kitu kabisa. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ule wa mwanzo, na huongeza njaa kujaribu kurudisha kilichopotea. Hapo ndipo watu husema "haifanyi kazi" na kuacha. Inafanya kazi. Ni wakati wa kubadilisha wimbo, kuongeza dakika kumi, au kukagua tena ile chupa ya mafuta.

Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujijengea mazoea mapya, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la mazoea; kwa wengine siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa ingefika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kwa mtu aliyekwenda harusini Jumamosi akala pilau sahani mbili. Jumapili aendelee. Asisubiri Jumatatu, wala Januari.

Nchini Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13 na nusu hivi na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994. Wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea, hula chakula cha asubuhi badala ya kukaa na njaa, na hujipima kila wiki. Hakuna siri ya ajabu ndani yake.

Siri za ajabu huuzwa mitaani. Vidonge vya kukondesha visivyoandikwa na daktari viepukwe kabisa. Sibutramini, iliyokuwa ikiuzwa kihalali, iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kuhatarisha moyo. Chai nyingi za "kusafisha tumbo" huharisha tu, na kinachotoka ni maji. Sindano mpya kama semaglutaidi zinapunguza uzani kweli, lakini ni ghali, zina madhara yake, na ni za kuandikiwa na daktari anayekujua. Mwenye kisukari anayetumia insulini, mwenye shinikizo la damu, mwenye maumivu ya kifua na mja mzito wazungumze na daktari kabla ya kuanza chochote kati ya haya. Mama anayenyonyesha asijinyime chakula.

Asiye na mizani asihangaike kuinunua. Chukua uzi usionyumbuka, ukate ulingane na urefu wako kutoka kisiginoni hadi utosini, kisha uukunje katikati. Uzi huo uliokunjwa unapaswa kuzunguka kiuno chako, usawa wa juu kidogo ya kitovu, ncha zikutane bila kuvutwa. Zisipokutana, pima kwa rula pengo lililobaki na uandike kwenye kalenda ya ukutani. Rudia Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi kabla ya chai, ukitumia uzi ule ule.